Babu Hakuwa Mtoro

Jumanne nilipanga foleni ya uhamiaji mpakani Tunduma, nyuma ya dada mmoja aliyeshika pasipoti iliyochakaa.

"Mimi sisafiri, afande," alimwambia ofisa dirishani. "Hii ni ya babu. Alivuka hapa kwenda Isoka, ng'ambo ya mpaka, kumwona dada yake, akafariki kulekule. Ijumaa tulimpitisha hapa, tukamzika nyumbani Igamba. Naomba umgongee muhuri wa kurudi."

Ofisa alifunua kurasa taratibu, akilamba kidole. Lusaka, Harare, Lubumbashi. Kila muhuri wa kutoka ulikuwa na mwenzake wa kurudi, isipokuwa wa mwisho.

"Marehemu hagongewi muhuri, dada. Jeneza lilikuwa na karatasi zake."

"Najua. Ila babu alikuwa mwanajeshi. Kila akirudi safari, kabla hajakaa, alisimama wima mbele ya bibi akasema, 'Nimeripoti.' Alituambia anayerudi bila kuripoti ni mtoro. Bibi ndiye kanituma."

Ofisa aliusogeza muhuri kando, akaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi, akakichomeka kwenye ukurasa ule, kisha akarudisha pasipoti kwa mikono miwili.

Dada akasoma kwa sauti: "Ameripoti."

Zamu yangu ilipofika, niligongewa bila hata kutazamwa usoni. Sikulalamika. Miaka yote mimi hurudi nyumbani nikauliza kwanza kama kuna chakula. Kwa sheria za mzee yule, mimi ni mtoro wa siku nyingi.