Mwaka Niliopunguzwa Matiti

Tangu nikiwa msichana nimebeba maji kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, mtungi ukikaa mgongoni. Mgongo uliponiuma watu walisema ni mukwa. Mimi nilijua ni matiti. Yalinivuta mbele, mikanda ya sidiria ikanichimba mabega, na wakati wa joto ngozi ya chini yake ilitoka vidonda.

Daktari wa Machakos mjini hakunidanganya. Alisema nitalazwa usingizi wa dawa, atakata kuzunguka chuchu, ashuke mpaka mkunjo wa chini, na makovu yatabaki. Chuchu inaweza kufa ganzi. Nitavaa sidiria ya kubana usiku na mchana, nitalala chali, na nisiinue kitu kizito mpaka aniruhusu, mishono isije ikaachia. Nikamwambia sawa.

Habari ya maji sikufikiria. Kwetu mgonjwa huchotewa na wanawake wa kanisa, hakuna haja ya kuomba.

Niliporudi kutoka hospitali walikuja na mitungi imejaa na nyuso za matanga. Wakaniombea nipone kansa.

"Sina kansa," nikasema. "Yalikuwa mazito, nimepunguzwa."

Jirani yangu, rika langu, akaniangalia kifuani.

"Yaani ulikuwa mzima ukaenda kukatwa? Wewe ni susu, una wajukuu. Ama unatafuta bwana?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Walimaliza chai yangu, wakaenda, hawakurudi.

Maji yakaisha. Mwanangu aliye Syokimau alisema kwa simu atakuja Jumamosi, hakusema Jumamosi gani. Nilikaa mlangoni nikisikia wanawake wakienda mtoni. Wakifika kwangu sauti zinashuka. Kifua kimevimba, makovu yanawasha, lakini hayo niliambiwa. Huku kukaa peke yangu hakuna aliyeniambia.

Nikachukua kidumu kidogo kitupu cha mafuta ya kupikia, nikashuka. Mto wetu ni wa mchanga, maji yako chini. Tunachimba shimo, tunachota kwa kata. Kuinama nikashindwa. Nikasimama pale wima, mgongo hauumi hata kidogo, kidumu mkononi.

Jirani yule yule aliacha nafasi yake kwenye mstari wa shimoni, akaninyang'anya kidumu, akakijaza. Halafu akabeba mtungi wake uliojaa mpaka langoni kwangu, akautua, akajishika kiuno.

"Siku hizi mgongo unakuacha ulale?"

"Nalala."

Nilimwambia aingie. Akasema ana kazi, akaniachia mtungi. Niliyaingiza maji yale ndani kwa kikombe, kimoja kimoja.