Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Teksi iliacha lami ikaingia njia ya mawe, na dereva akaniuliza kama Mangapwani naijua. Siijui. Nimelala katika miji mingi, lakini upande huu wa Unguja ulikuwa mgeni kwangu, na nilikuwa nakwenda kwa sababu moja tu: Bi Badria, aliyeketi kando yangu, alihitaji mwanamme wa kusimama karibu yake.

"Kusimama tu," aliniambia asubuhi ile nyumbani kwake Mkunazini, nilikopanga chumba. "Kama nguzo. Husemi."

Bi Badria anashona viti vya magari kwenye banda lake nyuma ya majumba ya Michenzani. Ni mjane, na watoto wake wana nyumba zao. Ana gari la viti saba, na hilo ndilo balaa lake.

"Nikiwasha tu, wifi yuko mlangoni," husema. "Shemeji ana gunia, jirani ana mgonjwa. Ikija harusi, mimi. Likija jeneza, mimi. Sijapata kwenda mahali peke yangu. Nnataka gari lisilo na nyuma."

Gari hilo aliliona mara moja bandani kwake: Emji ya zamani ya Kiingereza, wazi juu, ya watu wawili basi. Mwenyewe alilileta kushonewa viti, kisha akalipakia meli akaondoka nalo. Tangu siku hiyo Bi Badria anatafuta jingine. Kwa dalali wa Vuga aliambiwa arudi na mwanamme wake. Fuoni aliulizwa kama mumewe anajua. Akajibu kwamba mumewe yuko kaburini, na anayetaka aende akamuulize.

Jambo hili linanitia hasira kila nikilifikiria. Wanawake wa mji huu wanaendesha magari kutwa, wanapeleka watoto wa watu skuli, wanarudisha wazee kutoka hospitali, na hakuna anayewauliza lolote. Mwanamke akitaka gari la kujipeleka mwenyewe, papo hapo anatakiwa amlete mwenye kauli.

Safari hii muuzaji alikuwa mtu anayeitwa Mkadam, anayekarabati ngalawa. Kwenye simu alimwambia, "Lina sifa, bibi." Bi Badria alicheka. Dalali gani asiyesema hivyo?

Tulipofika, harufu ilitupokea kabla ya gari. Kumbe Mkadam alisema kweli tupu. Gari lilikuwa na sifa, yale mafuta ya papa ambayo mabaharia hupaka vyombo vyao mbao zisioze. Lilikuwa chini ya banda la makuti, jekundu lililopauka, likinuka kama soko la samaki. Barazani alikaa mama yake Mkadam, Bi Mwanakheir, juu ya mto wa ngozi. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka.

Mkadam alinigeukia mimi. "Sheikh, hili baba alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Chini ya bati ni mbao. Kila mwaka nalipaka sifa, mchwa hawajaligusa."

"Linawaka?" akauliza Bi Badria.

"Linawaka, sheikh," akanijibu mimi.

"Na breki?"

"Breki nimetia mpya, sheikh. Unalipeleka wapi, mjini?"

"Mjini," nikasema, "lakini mimi siye..."

Bi Badria alinitazama. "Nguzo imesema!"

Nikajua nimeshaharibu. Mkadam aliendelea kunieleza kwamba wapo watu wa hoteli moja kule Uroa wanalitaka. Watalikata katikati, nusu ya mbele waifanye kaunta ya vinywaji.

"Bora niwape wao," alisema. "Nkimuuzia mwanamke akapinduka nalo, ntaulizwa mimi."

Nilikuwa na matusi tayari kwa lugha tatu. Lakini Bi Badria alikuwa ameshapanda garini, ameinama, pua kwenye mbao. Alipoinuka macho yalikuwa yanamtoka machozi kwa ule mnuko.

"Mkadam, nitazame mimi. Hii sifa unaipaka tokea lini?"

Kwa mara ya kwanza akamtazama. "Tokea sijaoa."

"Mikono inakunuka papa tokea hujaoa, mke kakuvumilia, ili waje watu walikate waweke bilauri juu yake?"

"Mke gani?" Bi Mwanakheir akadakia kutoka barazani. "Alikimbia kwa harufu hiyo hiyo!"

Mkadam hakucheka. Alilipangusa gari ubavuni kwa kiganja, taratibu, kama anayemtuliza mnyama.

"Wakilikata hutaulizwa?" Bi Badria akamwandama. "Au anayeulizwa ni anayemuuzia mwanamke tu?"

Mkadam aliingia ndani. Alirudi na hendeli ya kuwashia na kadi ya gari, akakubali bei aliyoitaja Bi Badria, naye akamhesabia pesa. Kisha, kwa mazoea, akaninyooshea mimi ufunguo.

"Mkono wangu uko huku," alisema Bi Badria.

Ufunguo ukabaki hewani kidogo. Halafu akamtilia mkononi.

Hendeli ilizungushwa, gari likakohoa, likanguruma. Nikachukua mkoba wangu nipande, nikaona upande wa abiria hauna kiti wala sakafu. Mchanga ulionekana chini.

"Mto wa kiti chake ndio huu," alisema Bi Mwanakheir, akijipigapiga pajani. "Nshauzoea."

"Ukalie, bibi yangu," Bi Badria akamjibu. "Mimi siuhitaji."

"Na mimi?" nikauliza. Teksi ilikuwa imeshaondoka.

Bi Badria alifunga mtandio vizuri chini ya kidevu.

"Nguzo haipandi gari."

Akaondoka. Pale njia inapopinda, mwanamke mwenye kapu kubwa alitoka kwenye migomba, akainua mkono asimamishe. Nilimwona Bi Badria akipunguza mwendo. Akaonyesha lile tundu kando yake, akapiga honi mara mbili, akapita.