Nilipeleka Kuku Wagonjwa Ukweni, Mwingine Akaitwa Mchawi

Kosa ni langu mimi, sitafuti wa kumsingizia. Nikikumbuka nilichofanya natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa askari magereza. Nilipostaafu nilirudi kwetu Budondo, nikalijaza shamba kuku wa kienyeji. Mchana wanazurura kwenye mihogo na kahawa, jioni kila kundi linaingia kibanda chake, nami napita nikiwahesabu kama mahabusu. Wapita njia wakawa wanasema, "Afande, kuku wako wana nidhamu!" Jamani, sifa zile zilinilewesha.

Msimu wa tohara ulipofika Mbale, ukweni kwangu, mtoto wa kaka yake mke wangu alikuwa anatahiriwa. Kwa mdomo wangu mpana nikaahidi kwamba kuku wa sherehe nitaleta mimi.

Asubuhi ya safari nafungua kibanda cha kule bondeni, nakuta kuku wamejikunyata, mavi ya kijani kila mahali, wengine shingo zimepinda. Kideri! Nilikijua. Daktari wa mifugo alishanionya: ukiona hivyo funga lango, asitoke kuku hata mmoja, anayekufa mzike hapohapo. Chanjo yenyewe nilikuwa naiahirisha kwa uvivu tu.

Lakini niende ukweni mikono mitupu? Mimi, afande mzima? Kuku wa vibanda vingine nikawaonea huruma, nikasema hao ni wazima, nisiwamalize. Basi nikachukua wale wa bondeni waliokuwa bado wanasimama. Nikajidanganya kwamba watachinjwa leo leo, ugonjwa utaishia kwenye sufuria.

Banange! Mama mkwe alivyowaona akapiga vigelegele. Akasema kuku wa mkwe wake hawaliwi wote. Akatenga mitetea walionona, akawafungulia katikati ya kuku wake, eti wawe mbegu.

Niliona kwa macho yangu. Kwa mila yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawaongei, nami nikajificha nyuma ya mila hiyo. Ningeweza kumtuma mke wangu amwambie. Sikumtuma! Niliona aibu.

Siku hiyohiyo akapita jirani wa mama mkwe, mjane aitwaye Nambozo, shoga yake wa tangu ujana. Akawatazama wale mitetea akasema, "Wee! Mama, umepata kuku!" Akaenda zake.

Juma lililofuata tukarudi kumjulia hali kijana. Uani manyoya matupu. Kuku wote wa mama mkwe wamekufa, na ndio waliokuwa wakimpa chumvi na sabuni. Naye amesimama anamfokea Nambozo, watu wamejaa: "Jicho lako hilo! Uliwasifu kuku wangu wakafa. Mchawi wewe! Usikanyage hapa tena!"

Mimi nimekaa ndani kama mkwe mwenye adabu, kikombe cha chai mkononi. Nikanyamaza. Hata chai nikaimaliza!

Neno la uchawi halina breki. Nambozo alikuwa anauza mboga, wanawake wakaacha kununua. Watoto wakawa wanakimbia akipita.

Kwangu nako kideri kikaruka kibanda hadi kibanda, nadhani nilikibeba kwa viatu vyangu mwenyewe. Hilo nililistahili, silalamiki. Kilichonikosesha raha ni Nambozo.

Mwishowe nikamwambia mke wangu. Alilia, akaenda Mbale kumweleza mama yake. Mama mkwe, bambi, maskini wa Mungu, alishika kichwa akauliza, "Sasa nani atakwenda kwa Nambozo?"

Nilikwenda mimi. Nikapiga magoti mlangoni pake, nikasema yote. Yeye aliendelea kuchambua maharage.

"Nilijua uko ndani siku ile, afande," akasema. "Nilikusikia ukikohoa. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa serikali, sasa hivi atatoka aseme ukweli."

 

Ndugu yangu unayefuga, nakusihi! Kuku akijikunyata, funga lango, mwite daktari, waambie majirani. Nenda ukweni mikono mitupu wakucheke, kicheko huisha. Mimi sikuchekwa. Mama mkwe amekwenda kumwomba Nambozo radhi, tena mbele ya watu, na Nambozo amesema amesamehe. Lakini uani pale hajakanyaga mpaka leo.