Bibi Alivyomwamkia Kijana wa Kivuko

Bibi yangu alimwamkia shikamoo kijana wa kukata tiketi kwenye kivuko cha Pangani, kijana ambaye hata ndevu alikuwa hajaota. Kijana akaitika bila kusita, "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" Abiria wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya dagaa akamwambia, "Leo umepata mjukuu mwenye mvi!" Bibi naye akacheka, akasema alikuwa anamtania tu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemshika Bibi mkono, naye alikuwa ananibana vidole mpaka vinauma.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikaa Dar es Salaam, na kila Desemba Mama alinipeleka Mwera kwa Bibi, mama yake mzazi. Mwaka ule Bibi mwenyewe ndiye aliyeomba tumpeleke Tanga mjini, akatembee. Tulivuka asubuhi, mto ukinuka matope na dizeli, tukapanda gari Pangani, na tulipofika Tanga tukazunguka kwa miguu. Ngamiani alinunua ubani, akiunusa fungu kwa fungu. Bandarini Mama alipotuonyesha meli iliyotia nanga, Bibi alisema, "Mashaallah, kubwa," na uso wake umeelekea kwenye maghala. Raskazone tulikaa ukutani tukila machungwa, akaniambia, "Haya, nihadithie unachokiona, nijue kama una macho." Nikamtajia nyumba za zamani zenye baraza pana, bajaji ya bluu, kisiwa chenye miti mpaka majini. Kila nilichotaja alikirudia polepole. Nilidhani ni mchezo, na nilidhani ninashinda.

Jioni tukirudi, pale kivukoni, kicheko kile cha shikamoo kilipokwisha, Mama alisogea mbele kuangalia mizigo yetu. Nikamnong'oneza Bibi, "Humwoni yule?"

"Namwona. Kama mtu aliye nyuma ya chandarua."

"Tumwambie Mama."

"Mama yako akijua atanihamishia Dar. Nikae sebuleni kwenu kama mto wa kochi, minazi yangu nimwachie nani? Niapie hutasema."

"Siwezi, Bibi."

"Niapie."

Nikasema wallahi sitasema. Madrasa nilikuwa nimeshika jambo moja barabara, kwamba wallahi hairudi. Kivuko kikagusa ng'ambo, upande wa Bweni, Mama akageuka, "Nyie mnamteta nani huko?" Bibi akamjibu, "Wewe."

Desemba iliyofuata tulimkuta anapapasa kuta za nyumba yake. Mama alilia, akamchukua, na Bibi akaishia sebuleni kwetu, pale pale alipopaogopa. Kiapo changu kilimnunulia mwaka mmoja tu wa kukaa kwake. Alifia Dar, na Mama anaamini mpaka leo kwamba macho yale yalizimwa na uzee, kwa ghafla.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kuna presha ya macho, inayokuja bila maumivu. Kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini kilichobaki huweza kulindwa kwa dawa ya matone mgonjwa akiwahi. Nilimuuliza daktari mmoja kama Desemba ile tungewahi. Akasema inategemea Bibi alikuwa amebakiwa na kiasi gani. Sijui. Watoto wa siku hizi hupimwa macho shuleni na kurudi na karatasi nyumbani. Mimi nilirudi na siri. Daktari yule aliniambia pia kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo.

Mama sasa ana umri wa Bibi wa siku ile. Juzi nilimkuta anamimina chai kando ya kikombe. Akasema taa ya jikoni ni hafifu. Ilikuwa saa nne asubuhi, madirisha yote wazi. Nimemwekea miadi ya kliniki Jumatatu, naye amekataa. Anasema macho yake ni mazima, na anauliza kwa nini nang'ang'ania. Leo ni Jumamosi. Kumjibu ni kuvunja kiapo cha kivukoni.