Barabara Isiyo na Magari

Nthenya alikuwa na miaka arobaini na tatu alipoandika mstari wake wa kwanza wa programu. Michezo ya kompyuta hakuwahi kuipenda. Alikuwa karani katika duka la mbao na mabati kando ya Barabara ya Kangundo, na kompyuta pekee aliyoijua ni ile ya kutolea risiti. Aliyemwingiza katika mambo hayo ni babake, bila kujua.

Babake, Mzee Wathome, alikuwa mchonga vinyago. Kwa miaka arobaini alichonga twiga na vifaru katika kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, yeye na rafiki yake Nzivo. Baada ya kufiwa na mkewe alihamia kwa Nthenya, mtaa wa Komarock, na kila asubuhi alitembea robo saa kutoka langoni hadi kibandani. Mwaka juzi akaanza kupotea. Mara ya kwanza alikutwa ameketi nje ya kanisa asilolijua, tezo yake ya kuchongea mkononi, akiwauliza wapita njia kama wamemwona mama Nthenya. Mara ya pili alitafutwa kutwa nzima.

Muuguzi wa kliniki aliwaambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hautapona. "Lakini anachokirudia kila siku kitachelewa kumtoka," alisema. "Mpitishe njia ile ile, tena na tena."

Nthenya angempitisha saa ngapi, na kazini alitakiwa awe amefika saa moja na nusu? Kakake, Ndete, alikuwa Kitui, na shauri lake alilitoa kwa simu: Mzee afungiwe ndani. Nthenya alimfungia siku mbili. Siku ya tatu Mzee aliupasua mlango kwa tezo.

Aliyekuja kumtuliza siku hiyo ni Leyla, binti wa jirani wa ghorofa ya juu, mwanafunzi wa kompyuta chuoni. Hakuwa na maneno mengi. Alimwekea Mzee kompyuta yake mapajani, akamwonyesha jinsi ya kumpitisha mtu mdogo kwenye vichochoro kwa vitufe vya mishale. Nthenya alipofika kutoka kazini mbio mbio, alimkuta babake ameinama juu ya kioo cha kompyuta, kimya, kama anayekagua mti kabla ya kuukata.

"Leyla, hivyo vichochoro haviwezi kuwa vya hapa kwetu?" aliuliza. "Kutoka langoni hadi kwa Nzivo?"

"Vinaweza, anti. Lakini mimi niko na mitihani. Nitakufunza utengeneze mwenyewe."

"Mimi? Mimi hata simu yangu inanishinda."

"Kila mtu huanza na kasanduku kamoja tu. Kasogeze kulia, kasogeze kushoto. Hiyo ni kitu ndogo."

Haikuwa ndogo. Leyla alimwazima kompyuta yake ya zamani, akamwekea programu ya bure ya kutengenezea michezo, na Jumapili alasiri wakawa wanakaa pamoja mezani. Siku za kazi Nthenya alijaribu peke yake saa ya chakula. Wiki ya kwanza alisahau mabano mahali fulani, mchezo ukakataa kufunguka siku tatu nzima. Alipoyaona alitaka kulia kwa hasira. Kasanduku kalipoanza kutembea, alibonyeza juu kakaenda chini.

"Kompyuta huhesabu kutoka juu ya kioo," Leyla alimweleza. "Ukitaka kapande, punguza namba."

Halafu akakageuza kasanduku kuwa mtu mdogo, naye akawa anapita ndani ya kuta kama pepo. Ilibidi Nthenya ajifunze kuiuliza kompyuta kila mara mtu huyo anapopiga hatua: amegusa ukuta? Kama amegusa, mrudishe alipokuwa. Siku mtu huyo alipogonga ukuta wa kwanza akasimama, Nthenya alicheka peke yake dukani hadi mteja akamtazama.

Alipiga picha za njia yote, akazipanga: lango, kioski, transfoma, tangi la kijani la kanisa, meza ya matunda ya Phares, barabara, kibanda. Kilichomshinda ni magari. Kila gari lilihitaji mwendo wake na zamu yake, na ya kwake ama yalitoka yote kwa mpigo yakiwa yamebebana, ama yalikwama katikati. Mwezi ulikuwa umekwisha na Mzee, bado akifungiwa ndani, alikuwa akigombana na mlango.

"Magari tutaweka baadaye," Nthenya akasema. Leyla akakubali.

Mzee alipoonyeshwa mchezo, alimtazama sana yule mtu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Baba."

"Amekonda." Kisha akaanza kutembea.

Alicheza asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Mwanzoni alipotelea kwenye transfoma, baadaye akawa anafika bila kukosea, na kila akifika alisema, "Nzivo, nimekuja." Jumamosi mbili Nthenya alimfuata nyuma kwenye njia yenyewe, hatua kumi hivi, bila kusema lolote. Mzee alikata kila kona sawasawa. Ukingoni mwa barabara Nzivo alikuwa akimngoja, akamshika mkono, wakavuka.

Basi Jumatatu alimwacha aende peke yake. Walikuwa wamepatana na Nzivo amngoje pale pale. Lakini asubuhi hiyo Nzivo alipata mteja, akachelewa kutoka kibandani, dakika chache tu.

Phares aliona yote kutoka kwenye meza yake ya matunda. Alisema Mzee alifika ukingoni na hakusimama. Hakutazama kulia wala kushoto. Aliingia barabarani kama mtu anayevuka sebule yake. Pikipiki ilijaribu kumkwepa, ikamgonga kwenye nyonga.

Hospitalini, Ndete alifika jioni, viatu vina vumbi la Kitui.

"Nasikia ulimfunza kuvuka barabara kwa kompyuta," alisema.

Nthenya aliketi kwenye benchi akijitazama vidole.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuna aliyeweza kumwambia ukweli ni upi. Daktari alisema wagonjwa wa namna hiyo huvuka hivyo hivyo, mchezo au hakuna mchezo. Nzivo alilia, akasema kosa ni lake. Leyla alikataa kabisa kuulaumu mchezo. "Anti, huwezi jua," alirudia. Na ni kweli, hangeweza kujua. Lakini alikumbuka wiki tatu za babake akivuka barabara tupu, asubuhi na jioni, na kila mara akifika salama.

Alimrudishia Leyla kompyuta. Mzee alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, na kwa siku kadhaa aliuliza, "Ile njia yangu iko wapi?" Nthenya alimwambia imeharibika. Kisha Mzee akaacha kuuliza, na hilo nalo likamuuma Nthenya.

Mwezi wa pili baada ya ajali, muuguzi wa kliniki alipiga simu. Kulikuwa na familia nyingine zilizosikia habari za ule mchezo na kuutaka. Nthenya akakataa, akakata simu. Leyla alikuwa hapo.

"Na mimi nilikaa na wewe Jumapili zote hizo," alisema. "Mimi pia nilisema sawa. Usijifanye ni wewe peke yako."

Kisha Jumapili moja Nthenya alipanda ngazi, akamsalimu mamake Leyla, Bi Nurto, akaomba ile kompyuta tena. Alitaka tu kumaliza magari, asiyaache hivyo. Yalimchukua wiki tano. Mzee hakuonyeshwa.

Sasa Nzivo huja Jumamosi na vipande vya mti, na Mzee hukaa barazani akivipiga msasa. Siku nyingine humjua Nthenya, siku nyingine humwita kwa jina la mamake.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamke kutoka Mukuru kwa Reuben, jina lake Muthoki, ametumwa na muuguzi. Mumewe hupotea akienda msalani, nje mtaani. Alikuwa amechora njia nyuma ya kalenda, vichochoro vitatu na mtaro.

"Mtaro una kifuniko?" Nthenya aliuliza.

"Hauna."

"Basi nitakuja kwanza tuitembee. Na nikwambie mapema: sijui kama itamsaidia. Inaweza hata kumdhuru. Sharti mtu awe naye."

"Najua," Muthoki alisema. "Muuguzi alinieleza ya baba. Lakini nifanyeje, dada?"

Nthenya alimvutia kiti, akaikunjua kalenda mezani, akamwomba amweleze njia, akianza na mlango wa nyumba.