Kura ya Siri Mbele ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya ukarani nilifika katika ofisi ya ushirika mjini Kisii kabla ya mfagiaji. Nilikuwa nimevaa koti la marehemu baba yangu, na viatu nilikuwa nimevishika mkononi tangu nyumbani ili matope ya njiani yasiviharibu. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Afisa wa Ushirika wa Wilaya, mtu wa pwani aliyesema Kiswahili kilichonyooka, alinikuta nimesimama mlangoni.

"Hivyo viatu ni vya kuuza?" akauliza.

"Hapana, bwana. Ni vya kuvaa ofisini."

"Basi vaa. Umefika."

Nilivaa, na kwa neema ya Mungu sikuvua hadi nilipostaafu.

Vijana huniuliza tulikuwa tukifanya nini hasa. Wakulima wa kijiji au mlima mmoja walikuwa na chama chao, nacho kilichagua wajumbe wa kukiwakilisha katika Muungano wa wilaya nzima. Wakati huo Nyamira ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii. Muungano ndio uliouza mazao ya wote. Sisi maafisa na makarani wa serikali hatukuwa mabwana wa vyama hivyo. Tulikagua, tulifundisha, na siku ya uchaguzi tulisimamia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Birongo, kwenye kahawa. Huko nilijifunza kutofautisha mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa na ngozi yake na kuuzwa kwa bei ya chini, na kahawa ya ganda, ambayo imemenywa kwa mashine, ikalazwa kwenye tangi hadi utelezi utoke, kisha ikaoshwa na kuanikwa. Baadaye nilipelekwa Kebirigo kwenye pareto. Maua ya pareto yakikauka sawasawa huvunjika ukiyabana kwa vidole. Yakijikunja tu, unamrudishia mkulima, naye anakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyeleta mvua.

Afisa Msaidizi wa Kebirigo alikuwa mtu mkali lakini mwalimu mzuri. Yeye ndiye aliyenifundisha akidi, yaani idadi ya watu ambayo mkutano ukiikosa hauwezi kuamua lolote. "Usihesabu kofia," aliniambia. "Hawa watu wataacha kofia kwenye kiti na kwenda kunywa chai. Hesabu vichwa." Nimehesabu vichwa maisha yangu yote.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Katibu wa Muungano alitangaza kwamba umri umemfikia na hatagombea tena. Alikuwa ameshika nafasi hiyo tangu Muungano uundwe, na hakuna aliyewahi kushindana naye. Kwa mara ya kwanza kiti kikawa wazi. Nacho hakikuwa kiti kidogo. Katibu ndiye aliyeajiri makarani, aliyepanga safari za malori, na aliyeamua mashine ya nani itengenezwe kwanza. Mkulima ambaye lori halikumfikia wakati wa mvua aliona kahawa yake ikioza gunia kwa gunia.

Walijitokeza wagombea wawili. Mmoja alikuwa Mokaya wa Nyansiongo, mtu wa makamo aliyekuwa msimamizi wa maziwa katika shamba la Mzungu, kisha akapata kipande chake ardhi ilipogawanywa. Wa pili alikuwa Mzee Nyangau, mkulima mkubwa wa kahawa upande wa Kebirigo, Mkatoliki mwaminifu, mtu wa sauti nzito na maneno machache. Mzee Nyangau alikuwa na mabinti wanane, wote wameolewa. Mmoja wao, Kemunto, alikuwa mke wangu.

Msimamizi wa uchaguzi aliyeteuliwa na Afisa wa Wilaya nilikuwa mimi.

Nilimwendea Afisa ofisini nikamweleza. Alifikiri kidogo, kisha akawaita wagombea wote wawili na kuwauliza kama wana pingamizi. Mzee Nyangau alisema hana. Mokaya alicheka. "Bwana Afisa, katika wilaya hii utampata wapi karani asiyekuwa mkwe wa mtu? Mwache huyu. Namjua."

Walipoondoka, Afisa aliniuliza, "Kura itapigwaje? Sheria ndogo za Muungano zinamwachia msimamizi aamue."

"Kwa siri, bwana."

"Kwa nini usumbuke? Waambie wainue mikono. Mikono haidanganyi."

Ilinibidi nimweleze mtu wa pwani jambo ambalo kwetu mtoto hulijua. Sisi Wagusii tuna kitu tunachokiita ensoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, kati ya mtu na wakwe zake. Huingii chumba alicholala baba mkwe wako. Humtanii. Humpingi mbele ya watu, hata akisema jua linachomoza magharibi. Naye vilevile anakuepuka wewe, na mkiwa na neno la kuambiana mnalipitisha kwa mtu wa tatu. Sasa, waume wa mabinti wa Mzee Nyangau walikuwa wametapakaa wilaya nzima, na wengi wao, au baba zao, au kaka zao, walikuwa wajumbe. Nani kati yao angeinua mkono wake kwa Mokaya huku Mzee amekaa mbele yake akimtazama?

Afisa alianza kucheka hadi akavua miwani. "Kumbe huyu mzee hakuzaa mabinti. Amezaa wajumbe."

"Ndiyo, bwana."

"Na wewe ukisema kura iwe ya siri, ni kama umemnyang'anya."

"Ndivyo atakavyoona."

Hakucheka tena. "Uamuzi ni wako," alisema. "Lakini nitakuunga mkono."

Jioni hiyo nilimweleza Kemunto. Alikuwa akimenya ndizi, na hakuinua uso.

"Baba atasema nini?" akauliza.

"Hawezi kunisemesha mimi."

"Ndiyo. Wewe hutasikia neno. Atasema kwangu. Mimi ndiye nitakayekwenda kumwona mama na kukuta milango imefungwa." Aliendelea kumenya. "Wewe unaona nini ni haki?"

"Kura ya siri."

"Basi nilijua tangu ulipoingia. Hukusalimia."

Tuliomba pamoja, tukala. Sikumwomba Mungu Mzee ashinde wala ashindwe. Niliomba nisiogope.

Uchaguzi ulifanyika katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi sisi Wasabato tusingekuja na Jumapili Wakatoliki wasingekuja. Tulitumia darasa la shule moja karibu na mji. Wajumbe wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mgombea alipewa alama: Mokaya jembe, Mzee Nyangau taa. Mjumbe angepewa karatasi moja iliyopigwa muhuri, aende nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye kona, aitumbukize kwenye sanduku lenye alama aipendayo. Nilihesabu vichwa, akidi ikatimia, nikatangaza utaratibu.

Mzee Nyangau alisimama. Hakunitazama. Alimtazama Katibu aliyekuwa anastaafu, ambaye aliketi katikati yetu.

"Mwambieni karani," alisema, "kwamba mwanamume huinua mkono wake mchana."

Katibu aliniinamia, ingawa nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa Mzee. "Anasema mwanamume huinua mkono wake mchana."

"Mwambie Mzee nimesikia," nikajibu. "Na mwambie kura itakuwa ya siri."

"Anasema kura—"

"Masikio ninayo," Mzee akamkatiza. "Mwulize anawaogopea nani hawa watu wazima."

Nilijua hapo ndipo penyewe. Kama ningesema naogopa sheria, ingekuwa uongo mdogo, na kila mtu angeujua.

"Mwambie Mzee," nikasema, "nawaogopea waliooa."

Kicheko kilipasuka hadi mbwa wa shule akakimbia. Wakwe zake peke yao hawakucheka. Walitazama sakafu, kila mmoja anatafuta kitu alichodondosha. Mzee alisema polepole, "Mwambieni aendelee." Akaketi.

Kabla mjumbe wa kwanza hajaingia, Mama Bosibori, mjumbe wa Kebirigo na mjane asiyeogopa mtu, aliinua mkono.

"Karani, blanketi lako ni fupi."

"Fupi namna gani, mama?"

"Umefunika nyuso, miguu inaonekana. Na masanduku umeyaweka moja huku, moja kule. Mimi namjua kila mtu hapa kwa miguu yake. Huyu ana gambuti, yule ana kidole kilichokatika. Akienda upande wa jembe, sote tumemwona."

Nilitazama. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimepanga kura ya siri ambayo kijiji kizima kingeisoma kutoka magotini kwenda chini. Tulisogeza masanduku yakagusana juu ya dawati moja, ili mtu asimame mahali pamoja atumbukize popote. Ndipo Mama Bosibori akasema, "Sasa nenda na kazi yako, mwanangu," na akawa wa kwanza kupiga kura.

Wakwe waliingia mmoja mmoja na kutoka mmoja mmoja, na katika nyuso zao hukuweza kusoma kitu. Mimi sikupiga kura. Msimamizi hana kura. Tulimwaga karatasi mezani mbele ya wote, tukahesabu kwa sauti. Jembe lilishinda. Tofauti haikuwa kubwa, lakini haikuwa ya kubishaniwa.

Mzee Nyangau alivaa kofia yake, akampa Mokaya mkono, akasema, "Malori yafike Kebirigo." Kisha akanipita akitoka bila kunitazama. Hata leo ninapokumbuka hilo nacheka, kwa sababu ensoni ilimtaka asinitazame hata hivyo. Sikuweza kujua ni hasira au ni adabu.

Kemunto ndiye aliyejua. Kwa miezi mingi, kila alipotoka kwao alirudi kimya, akafanya kazi za nyumbani kwa nguvu kuliko kawaida. "Anasema nini?" nilimwuliza siku moja. "Hasemi kitu," akajibu. "Anauliza tu kama bado unakula vizuri." Nilielewa kwamba halikuwa swali zuri.

Mokaya alikuwa katibu wa kutosha. Malori yalifika Kebirigo, ingawa si kila mara. Aliwahi kukasirisha watu kwa kumwajiri mtoto wa dada yake, wakamkosoa hadharani, akamwachisha kazi. Kura za siri ziliendelea tangu siku ile, na hakuna msimamizi aliyewahi kuulizwa tena kwa nini.

Kilichonishangaza kilitokea kidogo kidogo. Wakwe wa Mzee Nyangau walianza kumpelekea habari, kila mmoja kwa njia ya mke wake, kwamba yeye alitumbukiza kwenye taa. Huyu alileta habari hiyo pamoja na mkungu wa ndizi, yule pamoja na sukari. Wote walimpa kura. Mzee alisikiliza, akashukuru, akapokea ndizi. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na kura hizo zote hazikuwahi kuonekana pale mezani.

Siku moja Kemunto alirudi kutoka kwao akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Baba amenituma kwako," alisema. "Anasema katika wakwe zake wote, wewe peke yako ndiye ambaye yeye ana hakika hukumnyima kura."

"Kwa sababu sikuwa nayo."

"Ndivyo alivyosema. Anasema pia ng'ombe wake mmoja amezaa, uende ukachukue ndama."

Nilikwenda, nikachukua ndama, nikashukuru kwa kupitia mtu mwingine, kama ilivyopasa.

Nilihudumu miaka mingi baada ya hapo, chini ya maafisa wengi, na nilistaafu nikiwa na afya, watoto waliosoma, na dhamiri isiyonisumbua ninapopiga magoti. Nawashukuru walionifundisha. Kwenu mnaoingia kazini sasa nasema hivi: mkisimamia uchaguzi, waangalieni wale ambao wangepata hasara wakionekana. Hao ndio mmeajiriwa kwa ajili yao. Wenye sauti watajitetea.

Mwaka niliostaafu, Mzee Nyangau aliugua, na alitaka mimi ndiye nimpeleke hospitali ya Kisii. Tulipomlaza, nilisimama nje ya pazia, na Kemunto akasimama katikati yetu.

"Mwulize mumeo," Mzee alisema kwa sauti dhaifu. "Alikuwa hapo. Alihesabu zile karatasi za kura kwa mkono wake. Ni nani kati ya wakwe zangu alininyima?"

Kemunto alinigeukia, lakini sikumngoja arudie. "Mwambie baba sijui. Nilipanga mambo ili hata mimi nisijue."

Kisha nikasikia kitanda kikilia. Mzee alikuwa akicheka.

"Mwambie sawa," alisema. "Nitawasamehe wote kwa pamoja. Kumtafuta mmoja ni kazi kubwa mno kwa mgonjwa."