Grainda ya Pawasoo ya Baba Mkwe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Aliyesema hivyo hakuwahi kutanua tundu la moshi la silinda ya pawasoo, la sivyo angenyamaza. Nimekuwa nikitengeneza misumeno hii ya injini hapa Kawempe, Kampala, tangu nilipovuka mpaka kutoka Kenya, na nakuambia, fundi anayeokota grainda yoyote iliyo karibu huishia kupeleka silinda ya mteja kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mwaka jana baba mkwe alikuja kibandani kwangu na pawasoo yake begani, jinsi alivyokuwa akibeba bunduki. Ni mtu wa kaskazini, askari mstaafu, na Kiswahili chake ni cha kambini. Alipovua magwanda alinunua pawasoo hiyo ndogo, akawa anaitwa na watu kukata miti iliyoelemea paa zao. Lakini siku hizo wenye miti waliwaita wengine wenye mashine kubwa. Mashine kubwa bega la mzee halikubali tena, na hii ndogo ikifika katikati ya gogo inanung'unika na kuzima.

"Mkenya," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nimwoe binti yake, "hii pawasoo tia nguvu. Ikikataa, mimi nauza, narudi kwetu, kaka yangu nawekea mimi nyumba. Mimi hapana kaa Kampala kula chakula ya bure."

Mke wangu alikuwa hapo, ameniletea chakula. Aliiweka sahani chini polepole. Mama yake alishafariki, ndugu zake wametawanyika, na baba huyu ndiye kwao kulikobaki. Niliuona uso wake, nikaahidi kabla sijafikiri. Na mimi pia, niseme tu, nampenda yule mzee. Hakuna mtu mwingine mji huu ninayeweza kubishana naye mchana kutwa kisha tukala pamoja.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Silinda ina tundu la kutolea moshi. Ukilitanua kidogo na kulilainisha, injini inapumua na kupata nguvu. Ukilitanua kupita kiasi, ringi ya pistoni inanasa humo na kukatika. Tena ukuta wa ndani una ngozi ngumu, nyembamba, inayong'aa. Ukiichana, silinda imekufa. Na silinda ya aina ile haikuwa na spea mjini. Nilishatafuta mpaka wauza spea wakawa wananiona nikija wanatikisa kichwa kwa mbali.

Kwanza niliazima grainda ya shingo ndefu kutoka gereji ya malori. Mzee aliifurahia sana.

"Hiyo ndiyo silaha," alisema.

Askari ni askari. Namshukuru Mungu nilianza na silinda mbovu ya pawasoo nyingine, kwa sababu grainda ile ina mwendo mmoja tu, nao ni wa kichaa. Biti, ncha yake ya kusagia, iliuma ukingo, ikaruka, ikachora mfereji ukutani kutoka juu hadi chini. Mzee aliitazama silinda mbovu, akaitazama ya kwake, kisha akaichukua ya kwake na kuitia katika mfuko wa koti. Ilibidi nimbembeleze kwa chai ndipo aitoe.

Nikaenda mjini, nikazunguka maduka ya karibu na soko la Owino, nikarudi na grainda ndogo, ile inayouzwa ndani ya kisanduku pamoja na biti za kila umbo. Hiyo ilinipa furaha ya asubuhi moja. Mota yake unaishika mkononi, ikachemka hadi nikaifunga kitambaa, na nikiielemea kidogo inasimama. Mjini nikarudi tena. Safari hii nilileta mota ya kutundika ukutani, yenye waya mnene unaozunguka ndani ya mpira hadi kwenye mpini, kama ya masonara. Hiyo niliipenda. Ina nguvu, na kanyagio la mguu linakupa mwendo unaoutaka. Kwa nje, upande wa ekzosi, ilikula aluminiamu vizuri nikaanza kupiga mluzi. Lakini ukingo wa tundu sharti ulainishwe kutoka ndani ya silinda ili ringi isinase, na mpini ule mnene ukiingia humo haugeuki. Nikatukana kwa Kiswahili, nikatukana kwa Kiganda, nikamalizia kwa lugha ya mama.

Mke wangu alinikuta nikiwa katika hali hiyo. Yeye hutengeneza kucha za watu huko mtaa wa Nateete, na wateja humfuata hata kutoka mbali. Baba yake alitaka awe polisi. Kila akitutembelea lazima aulize kupaka watu rangi ya vidole ni kazi gani, na binti hujibu kwa kumwongezea mchuzi. Siku hiyo alisimama mlangoni na kikapu chake, akanitazama mikono.

"Wewe nashika kama nachinja kuku," akasema, kwa Kiswahili cha baba yake. "Huko ni kama chini ya kucha. Hapana sukuma. Wacha biti ikule yenyewe."

Akatoa mashine yake ya kucha. Ina mpini mwembamba kama kalamu na kitufe cha kupunguza mwendo, na biti zake ni za chuma kigumu cha kabaidi, zile za kusagia kucha za bandia. Nilicheka. Kisha nikaona mpini ule ukiingia ndani ya silinda na kugeuka utakavyo, nikamsogezea kiti.

Tulikaa mlangoni penye mwanga. Alipaka mstari wa rangi nyekundu ya kucha kuzunguka tundu, ndio mpaka, kisha akaegemeza kidole chake kidogo kwenye ukuta wa silinda kama anavyokiegemeza kwenye mkono wa mteja, na kuanza. Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye ile silinda mbovu. La pili kwenye ya mzee. Mashine ile haina nguvu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: haiwezi kuruka. Kazi yangu ikawa kuchovya biti kwenye mafuta ya taa ili aluminiamu isigande kwenye meno yake, na kufunga mdomo. Sijawahi kuwa msaidizi mwenye furaha namna ile.

Jumapili baada ya kanisa mzee alikuja, akanikataza kuifunga injini kabla hajakagua. Aliinua silinda kwenye jua, akafumba jicho moja, akachungulia kama anayekagua mtutu wa bunduki. Akaingiza kidole, akakizungusha.

"Nani napiga hii?"

"Binti yako, mzee. Kwa mashine yake ya kucha."

Alimgeukia binti yake. Binti alikuwa anatazama sufuria ya chakula aliyotuletea.

"Funga," akaniambia.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na gogo la mkaratusi, nene kuliko mapaja yangu mawili. Pawasoo iliwaka kwa sauti nzito ambayo haikuwa nayo awali, ikaingia katikati ya gogo, na haikunung'unika. Ilitokea upande wa pili. Mzee akakata kipande kingine, akakata kingine ambacho hakuna aliyekiomba, majirani wakatoka, mama mmoja akaanza kuchagua vipande vya kufanya viti. Mke wangu alikuwa ameziba masikio, anacheka huku machozi yanamtoka. Mimi, mtu mzima na fundi, nilikuwa narukaruka.

Alipoizima pawasoo, mzee aliketi juu ya gogo, akampigia simu kaka yake huko kaskazini na kuongea kwa lugha yao.

"Anasema nini?" nilimuuliza mke wangu.

"Ile nyumba ya huko wapatie mtu mwingine."

Mzee akaweka simu mfukoni. Akavua glavu na kumnyooshea binti yake mikono yote miwili, kucha nene, nyeusi kwa oili.

"Na hii? Mashine yako naweza?"

Mke wangu alikwenda kuleta kikapu. Mzee akakaa wima kama yuko kwenye gwaride, mkono wake juu ya goti la binti yake, na hakutikisika mpaka kucha ya mwisho.